Biti Iliyolala Miaka 20 Kwenye Boksi la Viatu

Wadau, kuna ngoma moja ya zamani kidogo ambayo DJ akiiachia kwenye sherehe, hata mashangazi wanaacha sahani za pilau mezani. Siitaji. Na msanii wake simtaji pia, bado yupo mjini na mashabiki wake mnawajua, hawacheleweshi matusi.

Ila leo stori siyo yeye. Stori ni jamaa aliyepika ile biti. Tumwite Braza tu. Zamani alikuwa prodyuza, siku hizi ana kiduka cha taa na nyaya za umeme Sinza, na mimi ni jirani yake. Juzi kati msanii wetu alikaa kwenye mahojiano, akaulizwa ile biti kali aligonga nani. Akajibu kwamba aligonga mwenyewe na washkaji zake. Braza alikuwa anaangalia kwenye simu ya mwanae.

"Dogo, mimi nilicheka tu," aliniambia. "Ila mwanangu akaniuliza, baba si ulisema ni wewe? Hapo ndo kicheko kikaisha."

Ushahidi wa Braza uko kwenye boksi la viatu: flopi 22. Kwa nyie mliozaliwa mkakuta memori kadi, flopi ni kale kamraba ka plastiki mnakokaona kwenye kompyuta kama alama ya kuhifadhi kazi. Kumbe kalikuwa kitu kweli! Moja inabeba MB 1.44. Picha moja ya simu yako haiingii humo.

Braza alikuwa anatumia Akai MPC2000, mashine iliyotoka mwaka 1997, ile yenye vitufe 16 vya kugonga kwa vidole. Ukiizima, kila kitu kilichomo kinafutika, kwa hiyo lazima uhifadhi kwanza kwenye flopi. Na flopi moja inaingiza sauti safi ya sekunde 16 hivi, tena ya upande mmoja tu, siyo stereo. Ndiyo maana biti moja ilikula flopi tano: ngoma flopi moja, besi nyingine, kinanda nyingine. Halafu anaandika kwa kalamu, "1 kati ya 5".

Shida ni kwamba draivu ya flopi ya ile mashine ilishakufa. Na flopi zenyewe zimekaa Dar miaka 20, na joto na unyevu mnaujua. Baadhi zina madoa meupe ya ukungu ndani. Kwenda dukani kununua mpya ndo usahau, hata Sony waliacha kuziuza kwao Japani mwaka 2011.

Braza akanipeleka kwa mzee mmoja Kariakoo, fundi wa redio na vyombo vya kupimia. Mezani kwake kuna oskiloskopu, ile mashine yenye kioo inayochora mawimbi ya umeme. Nikashangaa, sasa hii na Bongo Fleva wapi na wapi? Kumbe oskiloskopu nyingi za miaka ya 90 nazo zilikuwa zinahifadhi michoro kwenye flopi. Mzee alishahangaika na ugonjwa huu miaka mingi kabla yetu.

Akatuonyesha kitu kingine ndani yake. Kuna chipu inayotunza namba za kuisahihisha mashine ili ipime sawasawa, na chipu hiyo inaishi kwa betri ndogo. "Betri ikifa," mzee akasema, "mashine inawaka vizuri tu, lakini haijui tena inapima nini. Kwa hiyo namba unazinakili betri ikiwa bado hai. Ikishakufa, unamnakili nani?"

Nikamwangalia Braza. Kimya.

Basi kazi ikaanza. Kwanza mzee alisogeza kile kidude cha pembeni ili tundu libaki wazi, maana hapo flopi inasomeka tu, haiandikiki. Zenye ukungu alizifungua taratibu, akafuta na spiriti. Akasema ukichomeka flopi chafu, uchafu unaganda kwenye kichwa cha kusomea, halafu unakwenda kuchuna hata flopi nzima.

Akachomeka ya kwanza kwenye draivu ya nje ya USB. Kompyuta ikauliza, unataka kuformati? Nilisikia mzee anaguna. "Hapo ndipo watu wanapoua mali zao. Kataa." Yeye hafungui faili lolote kwanza. Ananakili flopi nzima jinsi ilivyo, sekta zote 2,880, ndo anafanya kazi kwenye nakala. Sekta ikigoma, anarudia, tena na tena, siku nyingine kabisa. Baada ya siku tatu, flopi nne kati ya tano zilikuwa zimetoka zima. Ya besi ilitoka vipande.

Mwisho akang'oa draivu mbovu ya MPC, akaweka kifaa kinachojifanya flopi kumbe kinasoma flashi. Ujanja huohuo alishaufanya kwenye oskiloskopu yake. Braza akabonyeza vitufe, na ngoma ikatoka. Besi ikawa inakatakata kama mtu mwenye kwikwi, lakini ndo yenyewe.

Sasa sikieni hii. Kwenye ule wimbo kuna mlio fulani kama kengele, ti-ti-ting, ambao kila mtu anaujua. Kwenye flopi ya tatu tulikuta faili lake likiwa bado halijakatwa. Kabla ya mlio, kuna sauti ya Braza kijana inasema, "Haya, twende," halafu anagonga chupa ya soda na kijiko. Kwenye wimbo hiyo sauti haipo, alishaikata. Mwenye wimbo tu hawezi kuwa nayo. Anayo aliyegonga chupa.

Mwanae alipoisikia alirudia mara sita. Hakusema kitu, alikwenda jikoni akachukua chupa na kijiko.

Je, Braza amelipwa? Bado. Menejimenti ya msanii imepiga simu kutaka "kuongea kiundugu", na Braza anajipanga kupeleka nakala COSOTA akaulize haki zake. Nitawajuza. Ila besi kamili haitarudi tena, na mzee anasema ingekuja miaka mitano nyuma ingepona.

Ndiyo maana naandika. Mitaani huku kuna maprodyuza kibao wa enzi hizo, leo wanauza taa, wanaendesha bajaji, na kazi zao ziko kwenye maboksi chini ya kitanda. Kama baba yako, mjomba au kaka yako ni mmoja wao, mwulize wiki hii. Flopi zikitoka, usizipashe juani, usizifungue mwenyewe, mtafute fundi. Na kompyuta ikikuuliza kuformati, kataa.

Wewe nyumbani kwenu kuna boksi gani? Tupia komenti hapo chini. Majina ya wasanii weka pembeni, tafadhali.