Hasira Iliyouangusha Mti wa Dhahabu

Msomaji mpendwa, umewahi kushikwa na hasira hadi ukaimalizia kwa kitu kisichoweza kujitetea? Usinijibu upesi. Nisikilize kwanza.

Magharibi mwa Kanada, katika bahari ya Pasifiki, kuna visiwa vya Haida Gwaii, makao ya Wahaida tangu enzi na enzi. Mvua huko haina msimu, na misitu yake imefunga giza. Mti unaotawala ni sprusi wa Sitka, jamaa ya msonobari, wenye majani kama sindano na urefu unaoweza kupita mita 80. Mizizi yake Wahaida huipasua wakasukia kofia na vikapu. Dubu nao huvua samaki mitoni na kuwaburura hadi chini ya miti hiyo, na mabaki yakawa mbolea. Kwa hivyo msitu ule, amini usiamini, hulishwa na bahari. Hata sprusi ukianguka, miche huota juu ya gogo lake.

Kando ya mto Yakoun, karibu na kijiji cha Port Clements, ulisimama sprusi mmoja wa ajabu. Ulikuwa na zaidi ya miaka 300 na urefu wa karibu mita 50, na majani yake yaling'aa kama dhahabu. Wahaida waliuita Kiidk'yaas. Husimulia kwamba alikuwa mvulana aliyekimbia maangamizi ya kijiji chao pamoja na babu yake. Alikatazwa kutazama nyuma. Akatazama, akageuka mti.

Sasa alikuwepo Grant Hadwin, mtu aliyefanya kazi miaka mingi na wakataji miti, akiwapimia njia za kupitishia magogo. Alipoona jinsi misitu inavyofyekwa, moyo wake ukageuka. Usiku wa Januari 20, 1997, aliogelea mto ule katika baridi kali, akiwa na msumeno wa mashine, akalikata shina na kuacha sehemu ndogo tu ya kulishikilia. Mti ukasimama siku mbili kana kwamba hakuna neno. Kisha ukaanguka.

Hadwin aliandika barua akieleza kwamba chuki yake ilikuwa juu ya wasomi wanaosimamia misitu. Haya, lakini aliyeumia ni nani? Kampuni ziliendelea kukata miti. Tena kampuni iliyokuwa na kibali cha eneo lile ilikuwa imeuacha mti huo makusudi. Waliokusanyika kuomboleza ni Wahaida, watu ambao mwaka 1985 walikuwa wamefunga barabara ya wakata miti katika kisiwa cha Lyell, mchana kweupe, wazee wao wakakamatwa. Upande ule wa kusini leo ni hifadhi.

Februari 1997 Hadwin alitakiwa mahakamani Masset. Alitoka Prince Rupert peke yake kwa mtumbwi mdogo wa kasia, akiuelekea mlango wa bahari wenye mawimbi mabaya. Hakufika. Mabaki ya mtumbwi yalipatikana miezi kadhaa baadaye katika kisiwa kimoja cha Alaska.

Niliposoma habari hii nilishindwa kumhukumu, na sababu ni hii. Katika ujana wangu niligombana na kaka yangu juu ya mpaka wa shamba. Mwembe mkubwa ulikuwa upande wake. Usiku mmoja nilichukua panga nikabandua gome kulizunguka shina lote. Asubuhi mti ulikuwa wa kijani vilevile, nami nikanywa chai. Ulichukua miezi kukauka. Kaka yangu hakujali, maana yeye alikuwa akiishi mjini. Watoto wa boma zima ndio waliokosa maembe.

Wahaida angalau wana chipukizi. Wataalamu walikuwa wamechukua vitawi vya Kiidk'yaas mnamo 1977 wakaviunganisha na miche mingine, na mmoja uliotokana na mti ule umepandwa Port Clements, ndani ya ua. Mwembe wetu sikuuchukulia hata kokwa.

Nyanya alikuwa akiketi chini yake kila alasiri, akichambua mboga. Ulipokauka hakumuuliza mtu. Alihamisha kigoda chake hadi kivulini nyuma ya jikoni, na kila nilipopita alinisalimu kama kawaida. Aliaga dunia bila kusikia neno kutoka kwangu.