Bibi harusi unayekwenda nchi ya theluji, mjue fundi wako wa gari



Msimu wa harusi ukifika napokea masuala yaleyale kutoka kwa wanawali wetu wa Unguja na Pemba wanaoolewa Ulaya. Nichukue makoti mangapi? Udi unapatikana? Nyama ya halali iko mbali? Masuala mazuri yote. Lakini miaka sita niliyokaa kaskazini ya Uswidi imenifunza suala jengine ambalo sijaulizwa hata mara moja: nani atakutengenezea gari?

Msicheke. Somo yangu, Mungu amweke, alinifunza singo, alinifunza kufukiza nguo, alinifunza kukaa na mume na mawifi. Hita ya injini hakunifunza, na angeijulia wapi? Darajani hakuna baridi ya kufanya oili iwe nzito kama uji.

Sisi tunakaa kijijini, kwenye bonde la mto Ångermanälven, mkoa wa Västernorrland. Nyumba moja hapa, msitu, nyumba nyengine kule. Basi ni la kubahatisha, duka ni mwendo wa gari. Mji wetu wa karibu ni Sollefteå, na wodi ya wazazi ya mji huo ilifungwa mwaka 2017. Tangu hapo mwanamke akishikwa na uchungu safari yake ni Örnsköldsvik au Sundsvall, zaidi ya kilomita 100. Habari hii ilizunguka dunia wakati ule kwa sababu wakunga walianzisha mafunzo ya kuwaelekeza wazazi namna ya kuzalia ndani ya gari. Ndani ya gari, dada zangu! Mimi nilifika huko bibi harusi na hina mkononi, na majira ya vuli ya mwaka wa pili nilikuwa na mimba ya miezi sita, mtoto anatarajiwa Januari, katikati ya baridi.

Kwa hiyo nikisema gari, sisemi fahari ya mjini. Nasema kitu kilichosimama baina yangu na mkunga.

Baridi ya kule haina simile. Mwezi wa Disemba jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na saa nane mchana limeshazama. Adhuhuri na Alasiri zinafuatana kama abiria wa foleni moja, ndio maana msala wangu unakaa ndani ya gari pamoja na blangeti, tochi, koleo la theluji na pakti ya tende. Betri ambayo kwetu ingedumu miaka bila kukusumbua, huko inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake usiku mmoja. Mpira wa mlango unagandana na bati usipoupaka mafuta yake. Breki ya mkono ukiivuta na kuiacha usiku, asubuhi inaweza ikakataa kuachia. Na chumvi! Sisi watoto wa kisiwani tunajua upepo wa bahari unavyokula bati la gari. Huko hakuna bahari mlangoni, lakini barabara kubwa humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi ile inaingia chini ya gari na kufanya kazi ileile ya Forodhani.

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Gari yetu ni Volvo ya zamani, ile ndefu ya kubebea mizigo. Ikaanza kukwaruza kila nikikanyaga breki. Mume wangu ni muuguzi wa nyumba ya wazee, yuko zamu za usiku wiki mbili mfululizo, na akifungua boneti huwa anaitazama injini kama anavyoitazama cherehani. Nikaipeleka mwenyewe gereji. Sitaitaja. Wakaiangalia, wakatoa hukumu: breki zote nne, shokapu mbili, betri, na kitu chengine ambacho hata jina lake sikulishika. Krona 14,000. Halafu lililonichoma zaidi: yule bwana alichukua simu akamweleza mume wangu, na mimi niliyeileta gari nimesimama mbele yake na tumbo langu.

Nilimwambia aniandikie yote kwenye karatasi, kila kitu na bei yake, na asiguse hata skrubu. Akaandika, amenuna lakini akaandika.

Nikaenda kwa bibi jirani yangu, mwanamke wa Kiswidi mwenye umri wa kunizaa mara mbili, mjane, anaendesha gari mwenyewe mpaka leo. Akavaa miwani, akasoma karatasi, akaniambia maneno mawili ya maana. La kwanza: ipeleke kituo cha ukaguzi kwanza. Uswidi kila gari lazima ikaguliwe, na zilizokwishapita umri wa miaka mitano zinakaguliwa kila baada ya miezi 14 isizidi. Wakaguzi wale hawatengenezi gari wala hawauzi spea. Mkaguzi hana faida yoyote gari yako ikiwa mbovu. Anaipandisha kwenye mashine, anapima breki za kila gurudumu, anakupa ripoti. La pili: baada ya hapo nitakupeleka kwa fundi wangu.

Ripoti ikasema breki za mbele zimekwisha. Za nyuma nzima. Shokapu nzima.

Fundi wake alikuwa mzee aliyekuwa akitengeneza mashine za kukatia magogo msituni, sasa ana gereji ndogo kwenye banda la ng'ombe la zamani. Nilikwenda na bibi jirani, wala sikumficha kwamba sipendi kukaa peke yangu na mwanamume nisiyemjua. Alinielewa bila ya hotuba. Alivuta kiti, akakaa karibu na mlango uliokuwa wazi, akafuma soksi zake, sote tunatetemeka kwa baridi. Fundi akaja kusalimia, mimi nikaweka mkono kifuani kama desturi yetu. Akatazama viganja vyake vyeusi kwa oili, akacheka, akasema hata yeye asingenipa mkono ule. Mambo yakaishia hapo.

Aliponyanyua gari kwa jaki aliniita. Njoo utazame. Akanionesha pedi ya mbele, imebaki nyembamba kama ukucha, kisha ya nyuma, nene bado. Akapima betri na kile kidude chake: imechoka kweli, haimalizi baridi. Haki ya wenyewe niiseme, betri ile gereji hawakusema uongo. Akabadilisha pedi za mbele na betri, vitu vya zamani akanitilia ndani ya boksi nivione, akaandika risiti yenye kodi yake. Krona 3,900.

Amana tunaisoma darasani tangu udogo. Mimi niliiona kwenye banda la ng'ombe, kwa mzee asiyejua Alhamdu.

La risiti nalisisitiza kwa sababu huko pia wapo mafundi wa uani watakaokwambia bila karatasi ni rahisi zaidi. Ni rahisi mpaka gurudumu lichomoke. Sheria ya Uswidi ya huduma kwa wanunuzi, ya mwaka 1985, inasema fundi akikupa makadirio ya bei, hawezi kukudai zaidi ya asilimia 15 juu yake, isipokuwa mmekubaliana vyengine au kazi imeongezeka kwa sababu ya haki. Kazi ikiwa mbovu una miaka mitatu ya kudai, na mkishindwana liko baraza la malalamiko la taifa, Allmänna reklamationsnämnden. Lakini bila karatasi utapeleka nini huko? Machozi?

Yule mzee alinifunza pia hita ya injini, ule waya unaoning'inia mbele ya gari ambao nilidhani ni urembo wa Kizungu. Unachomekwa kwenye umeme uani, na hauachi usiku kucha. Unaweka saa yake iwake muda wa saa mbili hivi kabla ya kuondoka. Alinambia tangi lisishuke chini ya nusu hata siku moja. Na tairi. Kuanzia tarehe 1 Disemba mpaka 31 Machi, barabara ikiwa na theluji au barafu, tairi za baridi ni lazima, na kashata zake zisipungue milimita 3. Sisi tunatumia za misumari. Zile za joto zinalala gereji mpaka majira ya kuchipua, na Waswidi wanaziita hoteli za tairi, wallahi tairi zina hoteli yao! Ukishabadilisha, endesha kidogo halafu urudi bolti zikazwe tena.

Usiku wa Januari ulipofika, baridi ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Mume wangu alikuwa nyumbani, Alhamdulillah. Gari iliwaka kwa ufunguo wa kwanza. Tulikwenda pole pole kwa ajili ya wale wanyama wakubwa wa pembe wanaotoka msituni ghafla, mimi nasoma yote niliyoyahifadhi, yeye ameshika usukani kwa mikono miwili. Mwanangu alizaliwa Örnsköldsvik hospitalini, kitandani, penye mkunga na taa. Zaidi ya hapo sitasimulia, mnajua wenyewe.

Kwa hiyo wewe unayeposwa na kijana wa Uswidi, Norway, Finland au Canada vijijini: baba akishamaliza mambo ya mahari, mwache somo au shangazi aulize na haya. Kutoka nyumbani mpaka hospitali ni kilomita ngapi? Kuna gari? Ina tairi za baridi? Bibi harusi ataruhusiwa kuiendesha? Si uroho huo. Mimi ningeacha seti moja ya dhahabu kwenye sanduku nikachukua tairi nne.

Leseni yako ya Tanzania Uswidi inakubalika mwaka mmoja tu tangu uandikishwe mkaazi. Baada ya hapo unaanza upya, nadharia na barabarani, pamoja na somo la kuendesha kwenye uwanja wa utelezi ambako gari inazunguka kama pia na mwalimu ametulia. Tena sisi tumezoea kushoto, wao wako kulia tangu Septemba 1967. Anza mapema, kabla mimba haijakuzuia kufunga mkanda kwa raha.

Na fundi usimtafute siku gari imezimika. Ukifika tu, waulize wale ambao gari ndiyo mkate wao: wauguzi wanaozunguka nyumba za wazee, dereva wa basi la skuli, mpeleka barua. Ukisikia jina moja limerudi mara tatu, nenda na kazi ndogo kwanza, oili au waipa. Tazama kama anakuonesha au anakuficha, na kama anazungumza na wewe au na mume wako.

Fundi wetu ametutangazia kwamba baridi ijayo ndiyo ya mwisho kwake, mgongo umekataa. Kijiji kizima kimehuzunika. Magereji madogo ya vijijini yakifungwa si rahisi apatikane wa kuyafungua tena. Lakini tangu mwaka jana yupo msichana anayesoma ufundi wa magari, anakuja kila Jumamosi, nywele kafunga kitambaa, mkono mwepesi. Wiki iliyopita yeye ndiye aliyenibadilishia oili. Mzee alikaa pembeni na kahawa yake na mandazi yangu, hakusema neno, na msichana akaniita: njoo utazame.