Daftari la Rudisha

Kazi yangu ya kwanza kwenye muziki ilikuwa kuuingiza kwenye simu za watu. Mwaka 2009, nikiwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyonipeleka popote, mjomba alinikalisha kwenye kibanda chake pale Manzese Darajani, mbele ya kompyuta ya mezani na spika mbili zilizofungwa kwa waya dirishani. Mteja analeta memori kadi, anataja nyimbo, nazihamisha, analipa, anaondoka.

Lakini hakuna aliyelipa kabla ya kusikia. Niliupiga wimbo kidogo mwanzo, kidogo katikati, na hapo ndipo nilipokisikia chuo changu: "Dada, rudisha hapo." Hapo penyewe palikuwa padogo. Mara nyingi ni sekunde 5 au 6 za kinanda kwenye taarabu, mwimbaji akiwa amenyamaza. Mama mtu mzima aliyekuja kwa haraka zake alitikisa bega palepale juani, akasahau haraka. Nikaanza kuandika kwenye daftari la shule lililobaki na kurasa: jina la wimbo, dakika, sekunde. Nilitaka tu kumrahisishia mteja anayefuata.

Usiku nilikutana na sekunde hizohizo mtaani. Kwenye vigodoro, zile sherehe za barabarani zinazokesha, madijei walikichukua kipande cha kinanda, wakakizungusha bila kukoma na kukiongeza mbio, huku emsii akirusha maneno juu yake. Ndiyo singeli, muziki wetu wa uswahilini, wa Manzese, Tandale, Mburahati na Temeke, mtoto wa ukoo mmoja na mchiriku uliokuwa ukipigwa kwa ngoma na vinanda vidogo vya Casio. Niligundua kwamba madijei walikuwa wakikata palepale wateja wangu waliposema rudisha. Daftari langu lilikuwa limejaa mbegu.

Binamu yangu aliniwekea FL Studio, programu ya Wabelgiji ambayo watu wengi bado waliiita kwa jina lake la kwanza, FruityLoops. Mjomba aliniruhusu kubaki kibandani baada ya kufunga, mradi umeme wa Luku ninunue mwenyewe. Nilichukua kipande cha kwanza daftarini, nikakiongeza spidi mara mbili, nikaweka ngoma chini yake na kujiona nimefika. Kisha nikakipeleka kwenye kigodoro Mburahati, kwenye spika kubwa za kukodi. Watu walicheza dakika 1, wakasimama. Dijei akabadilisha wimbo bila kunitazama.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa usiku ule. Ukirekodi sauti kisha ukaikimbiza mara mbili, inapanda oktavu nzima, ndiyo maana kinanda changu kililia kama vifaranga. Na hesabu ya mwendo ilikuwa imenishinda. Wimbo wa mipigo 240 kwa dakika unapiga mara 4 kila sekunde, kwa hiyo kila mpigo una robo sekunde tu ya kuishi. Ngoma yangu ya chini ilikuwa na mkia mrefu kuliko huo. Kabla mpigo mmoja haujafa, wa pili ulikuwa umeukanyaga, na kwenye spika kubwa besi yote ikageuka uji. Nilijifunza kuikata mikia. Nilijifunza pia kuwaachia wachezaji mahali pa kupumulia, maana mwili wa mtu haukimbii 240 usiku kucha. Niliweka tabaka moja linalotembea nusu ya mwendo, mipigo 120, ili kiuno kilifuate hilo huku mikono na mabega yakifuata ile mbio. Tangu hapo sijawahi kuamini kwamba singeli ni spidi. Spidi mtu yeyote anaipata kwa kubonyeza kitufe kimoja, lakini mahali pa kukata panatafutwa kwa masikio.

Biti yangu ya kwanza niliiuza mwaka 2012 kwa shilingi 10,000, nusu siku ile na nusu mwezi uliofuata. Miaka miwili baadaye nilipanga chumba Mburahati, nikabandika magodoro ya zamani ukutani, nikaweka maiki moja, kompyuta moja. Prodyuza asiye na kampuni nyuma yake hufanya kila kitu: nilirekodi, nikachanganya sauti, nikapanda bodaboda na fleshi mfukoni kugawia madijei na makondakta wa daladala kabla ya Ijumaa. Wimbo usiposikika Jumamosi kwenye vigodoro, Jumatatu emsii anaenda studio nyingine. Nilizipenda siku zile kwa uhuru wake, na zilinichosha kwa uhuru uleule.

Mwaka 2017, Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso iliyokuwa hapohapo Mburahati. Masikio ya Ulaya yakageukia mitaa yetu. Nami nikapata ujumbe: prodyuza mmoja wa huko alitaka kuurudia wimbo wangu kwa mkono wake, akaomba kila sauti kivyake, ngoma mbali, besi mbali, kinanda mbali. Sikuwa nazo. Kompyuta ilikuwa ndogo, nami kila nilipomaliza wimbo nilihifadhi faili moja la kuwapelekea madijei na kufuta mengine ili nipate nafasi. Kazi ya miaka mitano ilikuwa imegandamana kama wali ulioungua chunguni, huwezi kutoa punje moja. Nililia siku ile. Kesho yake nilinunua diski ya pembeni, na tangu hapo kila wimbo una nakala mbili za vipande vyake, moja studio, moja nyumbani kwa mama.

Lakini fundisho kubwa lilikuja kwa miguu. Alasiri moja ya mwaka 2018 aliingia mzee mmoja mwenye kofia ya mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye mwenye nyimbo za mbio? Niwekee ile iliyopigwa juzi kwenye harusi ya jirani."

Nikaiweka. Aliinamisha kichwa, na vidole vyake vya kulia vikaanza kutembea juu ya goti. Nilivitazama kabla sijaelewa. Vilikuwa vinakifuata kile kipande cha kinanda, noti kwa noti.

"Hapa nilipiga mimi," akasema. "Siku ile mwimbaji alisahau ubeti, nikaziba pengo."

Nikalitoa daftari. Kipande kile kilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa, na alama za wateja walioomba rudisha zilijaza mstari mzima. Nilimwonyesha. Alizihesabu kwa kidole, taratibu, kisha akanitazama.

"Umekata pazuri, mwanangu. Jina langu uliliacha wapi?"

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nilikuwa nimeisikia, na nikajiambia inawahusu wakubwa wenye mikataba. Mbele ya mzee yule nilijua inanihusu mimi. Tuliketi tukazungumza hadi magharibi. Tukakubaliana malipo kwa nyimbo zilizopita, na zijazo tuzitengeneze pamoja.

Wiki iliyofuata alikuja kupiga. Niliunganisha kinanda na kompyuta kwa waya wa midi, unaobeba habari za vitufe vilivyobonyezwa bila kubeba sauti yenyewe. Alipiga kwa mwendo wake, polepole, mipigo 120, akitabasamu peke yake. Nilipoupandisha mwendo hadi 240, sauti haikupanda hata kidogo. Ilikuwa ile ile nzito, mbio mara mbili. Vifaranga walionisumbua miaka yote wakanyamaza, na nilikuwa na kila noti kivyake, ya kumpa yeyote atakayetaka kuirudia kesho kwa ruhusa yetu.

Mzee aliniomba nimrudishie sehemu moja, kisha tena, kisha tena. Nikafungua daftari kuandika dakika na sekunde. Nilipiga mstari kutoka juu hadi chini kuongeza safu mpya, ya aliyepiga, nikampa kalamu aliandike jina lake mwenyewe.