Maji ya Meru na Meno ya Mwanangu

Mwaka 1976, nilipohamishwa kutoka Tanga kwenda kufundisha katika shule moja iliyo chini ya Mlima Meru, jambo lililonishangaza halikuwa baridi, ambayo kila aliyenisindikiza alikuwa amenitahadharisha nayo, bali meno ya wanafunzi wangu. Kwani waliocheka walicheka vinywa vimefumbwa, na waliosahau kuvifumba walionyesha meno ya kahawia, mengine yamechimbika kama jiwe la matumbawe. Mwalimu mwenyeji aliniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba ni maji. Nami maji hayo, yaliyokuwa maangavu na matamu kuliko ya visima vya kwetu vyenye chumvi, niliyanywa kwa shukrani miaka nenda miaka rudi pasipo jino langu hata moja kudhurika, maana floraidi inayotoka katika miamba ya volkeno ya mlima ule huyaharibu meno yanapoumbika ndani ya ufizi, na yangu yalikwisha kuumbika pwani.

Binti yangu alizaliwa huko huko, Usa River, mwaka 1983. Alipotimia miaka 7 na meno yake ya ukubwa kuanza kutoka, yalitoka na michirizi myeupe kama ya chaki, ambayo baadaye iligeuka hudhurungi. Marehemu mama yangu alipotuzuru alimsugua meno kwa mkaa na chumvi hata fizi zikavuja damu, akitulaumu kwa uchafu, na sisi tukanyamaza. Hatukujua kwamba hata magadi tuliyotia katika maharage ili yaive upesi yalikuwa yakiongeza balaa ile ile. Miaka mingi baadaye, binti alipokwenda Dar es Salaam kuomba kazi, bwana mmoja aliyekuwa akimsaili alimnasihi ajifunze kupiga mswaki. Tangu siku hiyo hucheka akiwa ameuinua upindo wa khanga.

Tiba ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya mifupa. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, si mbali na kwetu, mifupa ya ng'ombe ilichomwa katika tanuri lenye hewa haba mpaka ikawa mkaa, na mkaa huo, ukimiminiwa maji, huinasa floraidi. Naungama kwamba swali langu la awali halikuwa la sayansi: niliuliza ng'ombe wale walichinjwa na nani. Nilipokwisha kuridhika na kununua ndoo yenye mkaa huo, binti yangu alikuwa mtu mzima.

Kisha likaja neno nano. Chuo cha Nelson Mandela cha Tengeru kilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na miongoni mwa wanazuoni wake alikuwamo Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu aliyepata shahada ya uzamivu Korea Kusini, ambaye aliuunganisha mchanga wa kuchujia maji, ujuzi wa kale, na chembe zinazopimwa kwa nanometa, yaani sehemu 1 ya bilioni ya meta, ilhali upana wa unywele mmoja ni nanometa zipatazo 80,000. Kijana mmoja aliyejaribu kunieleza faida ya udogo huo alitaabika sana, hata nikamsaidia kwa nazi: itie majini nazi nzima, hupati kitu, ikune kwa mbuzi, nyama ile ile, uzito ule ule, itatoa tui, kwa kuwa sasa maji yanaigusa kila mahali. Akacheka, akasema ndivyo hasa. Mwaka 2015 chujio hilo lilimpatia Hilonga tuzo ya uvumbuzi wa uhandisi barani Afrika, pauni 25,000, kutoka akademia ya kifalme ya uhandisi ya Uingereza.

Mimi niliyekulia kando ya korona, mitambo ya kuchakata mkonge, nilidhani kiwanda ni king'ora cha alfajiri, moshi na malori. Kiwanda hiki cha chujio la Hilonga kilipoanza kukua sikukiona, kwa sababu nilitazama juu nikitafuta bomba la moshi, kumbe kimekaa chini, ndani ya kibanda cha mama anayekodi chujio na kuuza maji kwa dumu. Ni kidogo bado, na sitaki kukisifu kupita kadiri yake. Mlima ni mkubwa, na anayeteka mferejini bila senti mfukoni kibanda hakimfai kitu.

Mjukuu wangu alizaliwa mwaka 2016, na tangu aachishwe ziwa maji yake ya kunywa yametoka kibandani. Meno yake ya utotoni yalikuwa meupe, lakini hayo si ushahidi, kwani aghalabu ni ya ukubwa ndiyo husema kweli. Jino la mbele liling'oka akiwa na miaka 6, na kwa muda wa wiki kadhaa mama yake alimpeleka dirishani kila asubuhi, akamwinua kidevu, akachungulia ndani ya ule mwanya. Mtoto, asiyejua anatazamwa nini, alikuwa akicheka mdomo wazi.