Laini Moja Ikikauka

Hapa kwetu Dranya tunachota kwenye tanki moja lenye laini tatu. Laini moja ikikauka, maneno yanaanza kwenye foleni: eti wenyeji wamefunga maji, eti wakimbizi wanayamaliza. Mimi nafanya kazi na vijana, na nimeona mama wawili majirani wakiacha kusalimiana kwa sababu ya jerikeni tupu.

Ndugu zangu, tulichunguze bomba kwanza. Laini zote zikikauka, shida iko kwenye tanki au pampu. Siku ya mawingu sola inavuta kidogo. Ikikauka moja tu, angalieni kama valvu yake iko wazi. Halafu fuateni njia ya bomba mkitafuta udongo uliolowa. Msipouona, pengine hewa imenaswa pale bomba linapopanda kilima, hasa kama tanki liliisha kabisa. Fundi akiitoa hewa pale juu, maji yatakuja yakikohoa.

Sasa vijana wa pande zote mbili wanaikagua laini pamoja. Nanyi wa mashirika, mkimaliza kutengeneza, muwafundishe hao vijana, na ufunguo wa valvu ubaki hapa.