Video ya nyanya kwenye deki ya DVD

Jamani, kunakili faili ya MP4 kwenye diski tupu si kutengeneza DVD. Mama ana deki ya zamani kule nyumbani na anataka kumwona marehemu nyanya akitoa hadithi, video ambayo binamu alitutumia kwa intaneti. Deki yake haijui H.264. Inataka MPEG-2, picha ya 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, yaani PAL, mfumo wa televisheni zetu enzi za analojia.

Mimi hutumia ffmpeg: -target pal-dvd hupanga hayo yote. Kisha dvdauthor huunda folda ya VIDEO_TS, nami nachoma kama DVD-Video, si data. Kuna programu zenye vitufe vizuri, lakini nyingine za bure hubandika nembo yao juu ya picha. Juu ya uso wa nyanya? Hapana. Nimechoma nakala 3, na faili ya binamu siifuti.