Fundi Redio wa Magomeni na Sheria za Nchi

Mwaka 1982 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili kwa mpigo kuhusu watu wenye ulemavu: Sheria Namba 2 ya ajira na Sheria Namba 3 ya matunzo. Mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu, 1981, ulikuwa umemalizika tu, na CHAWATA, chama cha wenye ulemavu wa viungo, kilikuwa kichanga. Sheria ya ajira ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi atenge asilimia 2 ya nafasi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ile ya matunzo iligawa wajibu kati ya familia, serikali za mitaa na serikali kuu.

Magomeni habari hizo zilisikika Redio Tanzania, na nyingi ya redio zenyewe zilikuwa zimepita mikononi mwa mtu mmoja. Watu walimwita Fundi tu. Miguu yake ilipooza kwa polio tangu utotoni, naye alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Mwandishi wa makala haya, wakati huo mwanafunzi wa shule ya msingi, alitumwa kwake mara kwa mara na redio ya National iliyofungwa kwa mpira. Fundi aliishika sikioni, akaitikisa kidogo, akataja kilichokufa kabla hata ya kuifungua.

"Fundi, nenda kawaone, sheria imetoka," majirani walimsihi.

Akaenda. Shirika aliloliendea mjini lilimweleza kwamba karakana iko ghorofani na kwamba alete barua ya ustawi wa jamii. Barua akaipeleka. Hakuitwa. Hapo ndipo udhaifu wa sheria ile ulipoonekana wazi hata kwa mtoto: mtu wa kuombwa vyeti na barua alikuwa Fundi, na hapakuwa na aliyekwenda kumhoji mwajiri kuhusu ile asilimia 2.

Mwaka uliofuata ikaja kampeni ya Nguvu Kazi. Dar es Salaam wasio na ajira walikamatwa na kurudishwa vijijini, na mtu mwenye ulemavu aliyekaa kando ya barabara alihesabiwa haraka kuwa ombaomba. Fundi, mwenye meza ya kazi na wateja wake, alianza kutembea na barua ya balozi wa nyumba kumi katika mfuko wa shati. Kwa wasiokuwa na ndugu, msaada wa serikali ulikuwa ni makazi ya wazee na wasiojiweza, kama Nunge huko Kigamboni au Fungafunga Morogoro. Walipata chakula na paa. Lakini msaada huo ulimtaka mtu akubali kwanza kwamba hajiwezi, na Fundi alikuwa akijiweza. Kwa mtu wa namna yake, nchi ilikuwa bado haina mpango.

Miaka ya tisini ilipita bila mabadiliko makubwa katika sheria. Vyama vya watu wenye ulemavu viliungana mwaka 1992 chini ya SHIVYAWATA, na mwaka 2004 serikali ikatoa sera ya taifa ya huduma na maendeleo kwa watu wenye ulemavu. Utafiti wa mwaka 2008 ukaonyesha kwamba asilimia 7.8 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea walikuwa na ulemavu. Miaka hiyohiyo watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa Kanda ya Ziwa, na uchungu wake ukaifikisha nchi mahali ambapo takwimu hazikuifikisha. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Alshaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu.

Mwaka 2010 ikapatikana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, iliyochukua nafasi ya zile za 1982. Sasa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 anabanwa, na kiwango ni asilimia 3. Sheria inaagiza elimu jumuishi, majengo yanayofikika, baraza la ushauri, mfuko wa taifa, na kamati kuanzia kijiji au mtaa hadi taifa. Mwaka huohuo wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Huyo alipita kwa kura.

Mabadiliko mengine Fundi aliyashuhudia. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, alipandia Magomeni Mapipa akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, sakafu ya basi ikiwa sawa na ya kituo. Zamani alibebwa mgongoni na konda mbele za watu. Kisha mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ikarekebishwa: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iwe mikopo isiyo na riba, na kati ya hiyo asilimia 2 iwe ya watu wenye ulemavu. Ila mikopo ilitolewa kwa vikundi. "Mwanangu, kikundi niunde na nani?" alimuuliza mwandishi. Baadaye kanuni zikalegezwa, hata mtu mmoja mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa. Mwaka 2023 serikali ikaisimamisha mikopo yote, na mwaka 2024 ikarudi. Kwa mtu mwenye meza moja ya kazi, mwaka mzima bila mtaji si jambo dogo.

Sensa ya 2022 ilihesabu wenye ulemavu kuwa asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na kuendelea. Kipimo kinachokosekana mbele ya umma ni kile kilichokosekana tangu enzi za barua ya Fundi: ni waajiri gani wametimiza asilimia yao, na ni wangapi hawajaigusa. Waziri mwenye dhamana na aagize orodha hiyo ichapishwe kila mwaka, ofisi za serikali zikiwa za kwanza.